Koti Amerudi

Mara ya kwanza alikufa kwa kuanguka mnarani.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kidole gumba kimeota sugu.
Tulipiga kelele hadi maseremala wa Keko Machungwa
wakazima misumeno, wakidhani kuna mwizi.

Mara ya pili, moto.
Ya tatu tulimzamisha pamoja na meli yake,
na Bi Zamda, mwenye chumba na mwenye televisheni,
akatua beseni lake la barafu, akasema:
"Haya, nani anaenda kumwita imamu?"

Jina lake kwenye kasha ni refu, halitamkiki.
Sisi tulimwita Koti,
kwa sababu huvaa koti la manyoya hadi vifundoni
na hatoki jasho, hata Februari,
hata feni ikikatika bawa.

Sasa imetoka ya saba.
Pazi ameibandika picha mlangoni
kwa gundi ya mbao aliyoniomba mimi:
koti lile lile, kicheko kile kile, jino la shaba.
AMERUDI, imeandikwa.
Utadhani alikuwa Morogoro kwa wajomba.

Mimi siku hizi ni fundi. Natengeneza vitanda, makabati,
na wakija asubuhi watu wenye macho mekundu
na kipimo kilichofungwa fundo kwenye kamba,
natengeneza jeneza.
Miaka kumi na minne, sijarudishiwa hata moja
mtu akaniambia, samahani fundi, halikutumika.

Basi nikasema pale mlangoni, unga wa mbao kichwani:
hawa wanaotengeneza gemu wanatudharau.
Nilimuua kwa mkono huu. Wanamrudisha kwa idhini ya nani?

Pazi, miaka kumi na mmoja, hakugeuka.
"Ulimuua wewe, fundi. Mimi bado."

Nikatafuta jibu mfukoni, nikapata misumari.

Mwantumu hukaa mwisho wa benchi, hula ubuyu, hasemi.
Siku hiyo akasema.
"Mnamkumbuka Mama Chumvi, wa sehemu ya nne?"

Tulimkumbuka.
Yule asiyecheka, aliyefukia visima vya mji kimoja kimoja,
na kwenye kila kisima akataja jina la mwanawe
aliyekufa kwa kiu huku mji mzima ukinywa.
Nilipomfikia, kidole kiligoma.
Ni mara moja tu katika maisha yangu
nimemwonea haya mtu wa kwenye kioo.

"Halafu?" akasema Mwantumu. "Halafu pazia likafunguka,
kumbe aliyemtuma ni Koti.
Hasira yake yote, visima vyake vyote, wakampa Koti,
kama mgeni anavyopewa kitanda cha mtoto
na mtoto akalazwa chini."
Akatema kokwa mkononi.
"Mimi sitaki afe. Nataka asogee."

Hakuna aliyemjibu. Randa ya jirani ilikuwa inakwaruza.
Kwenye kioo theluji ilianguka, kaburi likapasuka,
vidole, kisha mkono wa koti, kisha jicho moja likaanza kufunguka

na umeme ukakata.

Luku ilikuwa inalia tangu adhuhuri, tukaipuuza.
Joto likatukalia mapajani.
"Basi," akasema Bi Zamda, "mnaotaka afufuke, mchange."

Pazi akatoa mia tano iliyolowa kiganjani.
Mimi nikatoa elfu moja, nikajiambia ni kwa ajili ya barafu ya mama wa watu.
Ikaja sarafu ya mia mbili, nyekundu kwa ubuyu,
na aliyeitoa alikuwa anatazama ukutani.

Ujumbe ukaingia. Bi Zamda hana miwani,
akanipa simu, nikapanda kwenye stuli.
Tarakimu ishirini.
Nilibonyeza kwa kidole kile kile.
Kwenye ya kumi na tisa nikasita,
nikamfikiria yule mama na visima vyake,
amelala wapi sasa, na nani atamchangia.

"Fundi," akasema Pazi gizani,
"anasubiri."